Wageni wa Mkono wa Mama

Mafuta ya kukaangia samaki yalimrukia Mama mkononi Jumamosi asubuhi, kibandani kwake mtaani Laini Saba, na kufikia jioni kina mama wote wa kanisa lake walikuwa na habari.

Nesi wa kliniki moja kule Kianda aliuosha mkono, akaweka kitambaa chepesi kilicholoweshwa mafuta mazito ili kisigande kwenye kidonda, juu yake shashi, juu ya shashi bandeji nadhifu.

"Usifungue, mathe. Ukifungua unaingiza uchafu. Rudi Jumatano, nitafungua mimi."

Mama aliitikia kwa heshima zote.

Mimi naishi mtaa mwingine, Kawangware. Nilipokwenda kumwona kesho yake, nilikuta chumba kimejaa. Kwetu, watu wa ziwani, huwezi kumpa mtu pole kwa jambo ambalo hujaliona kwa macho yako. Kila aliyeingia aliweka mkate mezani, akaomba, akasema amina, kisha akasogeza kiti.

"Haya, hebu tuone."

Na Mama akafungua.

Hodari kuliko wote alikuwa jirani wa ukuta mmoja, bibi wa mandazi, aliyekuja asubuhi, mchana na jioni. Alikuwa akiinama hadi nikaogopa miwani yake itaanguka kidondoni.

"Mama, nesi alisema nini?" nikafoka.

"Hawa wametoka mbali."

"Huyu ametoka hapo ukutani!"

Jumatano nesi aliifungua bandeji iliyofungwa kwa fundo la kufungia kuku. Kile kitambaa cha mafuta kilikuwa juu na shashi ndiyo imegandia kidonda, na harufu haikuwa nzuri. Nesi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tukiendelea hivyo atamtuma Mama hospitali kubwa, akatwe ngozi ya paja ibandikwe mkononi, na huenda vidole visikunjike tena. Mama aliviangalia vidole vyake. Bila vidole hivyo hakuna samaki wa kugeuza, na bila samaki sijui Mama angekuwa nani.

Basi nikahamia kwake. Niliketi mlangoni juu ya dumu la maji, mwiko mkononi, na nikafukuza watu. Nilimfukuza mwenyekiti wa kina mama. Nilimfukuza mchungaji na Biblia yake. Sina subira, na siku hizo nilijivunia.

"Mgonjwa amelala," nilimwambia bibi wa mandazi.

"Amelala aje na namsikia akikohoa?"

"Anakohoa akiwa amelala."

Kidonda kikaanza kuwa safi. Lakini Mama akaacha kula. Alikuwa akimega tonge moja la ugali, analizungusha kwenye mchuzi, analirudisha sahanini.

"Mkono unapona, Mama."

"Mkono unapona vizuri," akasema. "Ni mimi nimebaki peke yangu. Baba yako alipokufa, ni hao walilala na mimi hapa sakafuni. Wewe ulikuja, ukalia, ukarudi kazini."

Iliniuma, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tuliporudi kliniki nilimshtaki Mama kwa nesi kwamba amesusa chakula, anataka wageni waje wauone mkono, nikitaka akaripiwe. Nesi akacheka. Alikitazama kidonda, akakigusa pembeni, akatoa kwenye droo kitu chembamba kinachoonyesha hadi upande wa pili, kama nailoni, akakibandika taratibu.

"Hii singeiweka mwanzoni, kidonda kilikuwa kinatoa maji mengi. Sasa ni safi, kimekauka kiasi. Uchafu hauingii, lakini macho yanaingia. Waache waone mpaka wachoke."

Jumapili hiyo ibada ilihamia kwetu. Mama aliuinua mkono akaugeuza huku na huku, na bibi wa mandazi akaumulika kwa tochi ya simu.

"Wee! Kumbe wameweka dirisha!"

Mimi nikachemsha chai kwa watu niliowafukuza. Kila mmoja aliweka sukari kama anayelipiza kisasi, na mwenyekiti akanitazama usoni huku akichota tena. Mama alikula ugali wote, akaomba mwingine.

Siku nesi alipoibandua ile nailoni kwa mara ya mwisho, chini yake palikuwa na ngozi mpya, nyororo, yenye rangi hafifu. Vidole vilikunjika vyote. Mama alirudi kibandani, nami nikaenda kumsaidia kuwasha jiko.

Bibi wa mandazi akaja mbio.

"Hebu tuone."

Mama akanyoosha mkono. Bibi akainama, akatafuta, akageuza upande wa pili. Hakukuwa na kitu cha kuona. Nilimwona akisononeka kabisa. Lakini mkono hakuuachilia. Aliendelea kuushika kwa mikono yake miwili, na Mama hakuuvuta.

Samaki kikaangoni wakaanza kuungua. Nilifungua mdomo nipige kelele, kisha nikaufunga, nikachukua mwiko nikawageuza mwenyewe.