Debe la Shangazi Ufukweni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, shangazi yangu nusura atuzamishe kwa ajili ya debe la maji.

Enzi hizo za Mwingereza, sisi wanawake wa Makote, kijiji cha juu mlimani kisicho na maji, tulikuwa tukishuka bondeni alfajiri kuteka maji. Ukifika kisimani, waliotangulia wanakwambia, "Rudini, maji yameharibika leo." Uongo mtupu! Wanataka kuyamaliza wao. Shangazi hakurudi hata siku moja.

Basi binti yake Asumini akaolewa Mikindani, akajifungua, tukaenda kumwona. Mama mkwe wake, Bi Somoe, akatupeleka kuokota chaza kwenye ufukwe uliozungukwa na majabali ya chokaa. Njia ya kuingilia ilikuwa moja tu, nyembamba, chini ya jabali. Pazuri, jamani! Lakini shangazi hakuitazama bahari. Aliona maji yanachuruzika jabalini na kupotelea mchangani. Akaonja. Matamu!

"Yanamwagika bure?" aliuliza, karibu alie. Akamwaga chaza wote tuliowatia debeni, akakinga debe.

Baadaye Bi Somoe akasema, "Mama Asumini, bahari inajaa. Twendeni."

Shangazi akaninong'oneza, "Umemsikia? Maneno ya kisimani hayo. Tukiondoka, ataita wanawe waje wateke. Usibanduke."

Bi Somoe akaita tena na tena. Tulipogeuka, njia ilikuwa imefunikwa na maji, na kuogelea hatujui. Watu wa Makote tungejifunzia wapi? Niliogopa sana. Bi Somoe akanishika mkono, akanivusha maji yakiwa kifuani, kisha akamrudia shangazi, ambaye bado amekumbatia debe lake. Akalipiga kofi, likaenda na mawimbi.

"Maji haya nayanywa tangu utotoni," akafoka. "Nikikuacha ufe hapa, mjukuu wetu nitamwambia nini?"

Shangazi akavushwa huku analia.

Kesho yake bahari ilipokupwa, Bi Somoe alikwenda mwenyewe, akamletea debe jingine limejaa maji yale ya jabalini. Shangazi akalinusa kwanza. Wallahi, alilinusa! Halafu akanywa.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Wadanganyifu wapo, nami nimewaona. Lakini mtu akikwambia ondoka, tazama yeye anabaki au anaondoka nawe. Wale wa kisimani walitufukuza wakabaki. Bi Somoe alisema twendeni, na tulipokataa, akaturudia.

Mungu akuvushe salama kila unakokwenda, na mkono ukinyooshwa kwako, akupe moyo wa kuushika mapema.