Uzi mwekundu wa Zaituni

Jamani, leo mdomo wangu umeniponza hapa Kawempe!

Mteja mmoja Mkongo alikuja kununua vitambaa anavyofuma dada yangu Zaituni. Akauliza, "Huu uzi mwekundu pembeni ni wa nini?"

Mimi huyo, mbio kujibu!

"Wazo langu hilo. Ni kumbukumbu ya chui niliyemnyonga kule Luwero, kwa mikono hii hii."

Mteja akacheka. Zaituni akaacha kufuma.

"Kaka, huo uzi ni wa shali ya marehemu mama. Naifumua kidogo kidogo, kila kitambaa kipate."

Shali iliyonifunika nilipougua surua, ndugu zangu. Sikuitambua!

Sasa nimekaa nje ya mlango wa Zaituni, hata yule chui wangu wa uongo kanikimbia. Nyie mngeingia mkisema nini?