Polikarp Alijua Kushuka

Kiti cha Polikarp kilikuwa na magurudumu, na balaa lote lilianzia hapo.

Polikarp alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya Sumbawanga mjini, ofisi ambayo hatutaitaja kwa kuwa wengi wetu bado tuna mafaili yetu huko. Faili likihitajika, bwana huyu hakuinuka. Alisukuma sakafu kwa kisigino, kiti kikateleza hadi kabatini, akachomoa faili, kisha akarudi kwa kisigino kilekile kama mfalme kwenye gari lake. Chai aliletewa mezani. Wali aliletewa mezani. Jioni alipanda bodaboda hadi kwake Majengo, mwendo ambao bibi yake angeutembea na debe la mahindi kichwani huku akipiga soga. Miaka ikapita hivyo, shingo ikaifuata kompyuta, mabega yakaifuata shingo, na mgongo ukapinda kama mundu.

Lydia, karani mwenzake wa meza ya jirani, alichoka kumwambia.

"Kaka Poli, inuka basi unyooshe hata miguu. Na hiyo kompyuta iwekee kitu chini, uitazame usawa wa macho. Unaiinamia utadhani unaiungamia dhambi!"

"Mimi nimeajiriwa kukaa, Lydia," Polikarp alijibu. "Ningetaka kusimama ningeomba kazi ya trafiki."

Angeendelea hivyo hadi kustaafu kama asingempenda Coleta. Coleta alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa kurukaruka na watoto tangu asubuhi, na Mungu anajua alichokiona kwa karani yule. Lakini Coleta alimpenda, na Polikarp naye alimpenda mpaka akasahau kula. Kikwazo kilikuwa baba yake Coleta, Mzee Romani wa Kizwite, mkulima wa mahindi na ulezi. Siku moja mzee alimwona Polikarp akipita juu ya bodaboda, amejikunja nyuma ya dereva. Akarudi nyumbani na hukumu mkononi.

"Kijana yule ni mgonjwa. Kama si kifua, ni uti wa mgongo. Sitoi binti yangu akawe nesi."

Coleta alilia, akafuta machozi, akambembeleza baba yake mpaka akapata nafasi moja tu. Akamletea Polikarp habari.

"Siku mshenga wako atakapokuja, na wewe uje. Umwamkie baba kwa heshima yetu, mpaka chini. Akikuona umenyooka, yamekwisha. Ukishindwa, amesema nisilitaje tena jina lako mle ndani."

Mpaka chini! Kwa wazee wa Kifipa kama Romani, shikamoo ya mdomo peke yake ni salamu ya stendi. Mtu anashuka, anachuchumaa mgongo ukiwa wima, anakunja viganja kidogo na kupiga makofi polepole, mpaka mzee aitikie aridhike. Polikarp mwenyewe ni Mfipa, aliifanya utotoni kila alipopita mtu mwenye mvi. Jioni ile alijaribu chumbani kwake. Magoti yalilia kama mlango wa ghala, akaishia nusu ya safari, akamalizia kwa kuanguka kitandani. Aliogopa kweli. Alimwona Coleta akiolewa na mtu mwingine, mtu mwenye mgongo.

Kesho yake alimweleza Lydia. Lydia alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, kisha akashika usukani. Kompyuta ikapandishwa juu ya mafaili yaliyofungwa. Kiti cha magurudumu kikahamishiwa stoo, kikaja cha mbao. Bodaboda ikapigwa marufuku. Na juu ya yote, Lydia akatoa amri: "Kila anayeingia humu kufuata faili, unamwamkia kwa kushuka."

Basi masijala ile ikawa kichekesho. Malimi, mfugaji wa Kisukuma, aliingia kuulizia kibali cha ng'ombe wake, akamkuta karani anaporomoka chini pembeni ya dawati na kumpigia makofi. Malimi aligeuka nyuma kutazama ni mzee gani anayemfuata. Hakuona mtu.

"Ndugu yangu," alisema kwa upole, "kama faili limepotea, niambie tu."

Mkuu wa ofisi naye alipopigiwa makofi alisema kabla hajaulizwa, "Likizo hakuna."

Lakini mwili una fadhila ukikumbukwa. Mabega yalirudi nyuma, maumivu ya kiuno yakapungua, na Polikarp akaanza kufika nyumbani kwa miguu akipiga mluzi. Alishuka chini kama mchezo, mgongo wima. Alijiona amefuzu, na Lydia akamwona amefuzu. Hawakugundua jambo moja tu, wote wawili: kila alipoinuka, mkono wake wa kushoto ulishika ukingo wa dawati.

Siku ikafika. Polikarp alikwenda Kizwite na baba yake mdogo, Adriano, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Sebuleni kwa Mzee Romani viti vilikuwa vimesogezwa ukutani kwa heshima ya wageni, sakafu imebaki wazi katikati. Mzee alikaa na dada yake, Silvana, shangazi wa Coleta, mwanamke mwenye macho ya kukagua hata chumvi.

Polikarp akashuka. Alishuka vizuri mno, mgongo umesimama kama mlingoti, makofi yakatoka mazito na ya taratibu. Mzee Romani akaitikia, na uso wake ukalegea. Kwenye mlango wa jikoni Coleta alishusha pumzi.

Kisha Polikarp akapeleka mkono wa kushoto kutafuta dawati. Akashika hewa.

Akajaribu bila dawati. Mapaja yakakataa. Jasho likamtoka, na kwa kukosa la kufanya akapiga makofi upya. Mzee akaitikia upya. Akapiga tena. Mzee akaitikia, safari hii akimtazama dada yake.

"Mbona hainuki?" Silvana aliuliza.

Adriano alikuwa ameuona ule mkono ukipapasa, akaelewa kila kitu. Akakohoa.

"Mzee mwenzangu, kijana wetu nilimwonya, hakunisikia. Amesema hainuki mpaka asikie neno lako juu ya Coleta."

"Hee!" Silvana alishika kifua. "Kaka, tangu kuzaliwa umeamkiwa hivi? Mpe jibu mtoto wa watu, ataota mizizi!"

Mzee Romani alimtazama Polikarp kwa muda. Polikarp alimtazama na yeye, machozi yakimlenga. Yalikuwa machozi ya magoti, lakini yalifanya kazi.

"Nimekubali," mzee alisema. "Inuka, mwanangu."

Vigelegele vya Silvana vikajaza nyumba. Polikarp hakuinuka. Mzee akasimama, akamwendea, akamshika mikono yote miwili na kumvuta. Magoti yakalia, ko! ko! Mzee akasikia. Akamkumbatia ili amnong'oneze.

"Ulikwama?"

Polikarp alifikiria kudanganya, akashindwa. "Nilikwama, baba."

"Basi nyamaza. Nimeshasema mbele ya watu, siwezi kumeza neno." Mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika kwa kicheko alichokibana. "Jumamosi njoo shambani. Huko utajifunza kuinuka."

Silvana alikuwa ameshasogeza kiti, amekifuta vumbi kwa khanga yake.

"Karibu ukae, mkwe."

Polikarp alikitazama kile kiti. Kilikuwa cha chini sana, na hakikuwa na mikono ya kushikilia.

"Asante, shangazi. Nitasimama."

"Jamani, adabu hiyo!" Silvana akapiga kelele. "Kaka, umeona adabu hiyo?"

 Mzee Romani alikuwa amegeukia ukutani, anafuta machozi ya kicheko.