Mchoro Ulioombewa

Nimefanya kazi na waongo wengi, lakini hakuna aliyedanganya watu mchana kweupe kama ule mchoro wa ukutani. Ofisi yetu ilikuwa Komarock, juu ya duka la mabati, na tulitengeneza programu ya zahanati: kipimo kikitoka maabara, majibu yanaingia kwenye kompyuta na kumfikia muuguzi. Bosi alichora jinsi programu ilivyoundwa, masanduku na mishale, akaupeleka mtaa wa Tassia kwa wachapishaji wa mabango ya krusedi za injili, wakamtolea bango la mita tatu. Siku ya kulitundika alimleta mchungaji. Tukainamisha vichwa, mchungaji akaiombea mishale, sote tukasema amina.

Tangu siku hiyo mchoro ukawa hauguswi. Programu ilibadilika kila wiki, bango likabaki vilevile. Ukimwambia bosi kwamba sanduku fulani halipo tena, anakutazama kana kwamba umetukana msalaba. "Sasa tubandike karatasi juu ya kitu imeombewa? Wageni wataona nini?" Wageni wenyewe walikuwa wa kuonewa huruma. Walisimama mbele ya bango, wakapiga picha, wakauliza chai iko wapi.

Mimi nilijiona bora kuliko wote hao. Programu niliijua kuliko mtu yeyote pale. Mwanzoni ilikuwa na njia ya dharura: majibu mabaya yalipita humo na kuliza simu ya muuguzi wa zamu moja kwa moja. Njia hiyo ilikwama kila mara, kwa hiyo alasiri moja niliing'oa, nikaelekeza majibu yote kwenye orodha moja, mabaya yakiwa mekundu. Ila niliing'oa kivivu. Mlango wa kuingilia niliuacha, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Ukitia jibu humo, programu inakwambia limepokelewa, kisha linapotea. Sikuandika popote. Niandike wapi, kwenye bango takatifu?

Baadaye akaajiriwa fundi mpya, mama wa watoto wawili aliyewalea peke yake. Alipewa kazi ya kuongeza kipimo cha damu cha wajawazito. Alikuja mezani kwangu na daftari, wa kwanza katika ofisi ile kuuliza kitu cha maana.

"Niaje bro. Hii njia ya dharura bado inafanya?"

Sikuinua hata macho. "Si mchoro iko hapo? Soma."

Akausoma, akaiona njia ya dharura bado imechorwa, akauamini, akaelekeza majibu mabaya mlangoni pangu.

Siku tatu majibu ya mjamzito mmoja wa Mukuru yalipotelea humo. Damu yake ilikuwa imepungua vibaya. Bahati yake alizirai kwenye foleni ya zahanati yenyewe, wakamuwahi, akapona. Muuguzi mkuu alipiga simu akifoka, na bosi akataka mtu wa kufukuza.

Alituita mbele ya bango. Yule mama akasema alifuata mchoro. Bosi hakutaka kusikia mchoro wake ukitajwa vibaya, akanigeukia mimi.

"Wewe ndio unajua hii system. Amekosea ama hajakosea?"

Nilijua kila kitu, mpaka alasiri niliyoing'oa ile njia. Yule mama alinitazama tu, hakutaja kwamba aliniuliza. Angelitaja hilo, ningefukuzwa mimi.

"Fundi wa kweli husoma programu," nikasema. "Hasomi picha."

Bosi akaitikia kwa kichwa, yeye mwenye picha yake! Nilimdharau kwa hilo. Nikajidharau zaidi, kwa kuwa sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Yule mama alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Aliweka vitu vyake kwenye kiondo, kikombe, daftari, sweta, akapita mezani kwangu. Nilingoja matusi, na ningeyapokea kwa shukrani.

"Funga hiyo mlango," akasema. "Mwingine asiingie."

Niliufuta kwenye programu kabla hajamaliza kushuka ngazi. Haikuwa kazi hata ya dakika moja.