Mjusi wa Shangazi Jikoni mwa Nyanya

Shangazi yangu ana hoteli ndogo mjini Homa Bay, ya chapati na samaki, na kwenye ukuta juu ya jiko lake aliishi mjusi dume ambaye yeye alimwita "mume wangu." Mume wa kweli alikuwa amekufa. Mjusi alitokea baada ya mazishi, akaingia kwenye ufa wa ukuta na akakaa.

"Huyu halewi na haniulizi nimetoka wapi," shangazi aliwaambia wateja. "Anakula anachopewa. Mniambie ni nani kati yenu anamshinda."

Kisha ugonjwa wa mtoto wa jicho ukamzidi. Alikuwa akiwatambua wateja kwa kikohozi, na kurudisha chenji kwa kupapasa. Ikaamuliwa afanyiwe upasuaji Kisumu, akae kwa binti yake mpaka daktari amruhusu kurudi kwenye moshi. Hapo hapo mwenye nyumba akatangaza kwamba atautumia muda huo kuziba nyufa na kupiga plasta. Shangazi akanipigia simu.

"Wewe si ulisomea wadudu?"

"Nilisomea biolojia, waya," nikasema, maana ndivyo Wajaluo tunavyomwita shangazi.

"Ndiyo hiyo hiyo. Njoo umchukue. Na nikirudi nimkute hai, unasikia? Mume mmoja nimeshazika. Wa pili sitaki."

Alicheka aliposema hivyo, halafu akarudia, bila kucheka, kwamba amkute hai. Nikaenda. Nilimkamata asubuhi kabla jua halijampasha moto, nikamsafirisha hadi kwetu Uriri ndani ya kikapu kilichofungwa kitambaa. Huko ndiko alikozaliwa shangazi, na ndiko nilikorudi mimi baada ya chuo, nikiwa na shahada na muda mwingi.

Nilimtengenezea sanduku zuri. Fremu ya mbao, wavu juu, na pande zote nne vioo nilivyovitoa kwenye kabati lililovunjika, ili niweze kumwona kutoka kokote. Swali lilikuwa mahali pa kumweka. Mimi nalala kwenye simba yangu, kile kibanda cha mvulana karibu na lango, kama kijana yeyote aliyebaleghe ambaye hajaoa, na simba ni baridi. Uriri si Homa Bay. Nyumba yenye joto kuliko zote bomani ni jiko la nyanya, ambalo moto wake hauzimi. Nikaliweka sanduku kwenye rafu, hatua chache kutoka mafiga. Kisayansi, sikuona kasoro.

"Ni nani huyu?" nyanya aliuliza.

"Ni yule mume wa waya."

Nyanya ni mama yake shangazi. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akavuta kigoda chake, akakaa mbele ya kioo na ungo wa njugu, akaanza kumenya huku akimtazama mgeni kuanzia kichwani hadi mkiani, kama mtu anayejiuliza ng'ombe wa mahari walikwenda wapi.

Mjusi aliacha kula. Alikuja na kichwa cha rangi ya chungwa na mwili wa buluu. Akageuka rangi ya tope. Alijibanza kwenye kona, akafumba macho mchana kweupe. Alipoamka alisugua pua kwenye kioo mpaka ikachubuka. Mara nyingine alipiga pushapu, juu chini, juu chini, bila sababu niliyoiona. Nilimletea panzi, nikamletea kumbikumbi. Panzi walimtembea mgongoni.

Nilisoma kwenye simu. Simu ilisema huenda ni baridi, au joto, au minyoo, au msongo wa mawazo. Nilienda kwa muuza dawa za mifugo sokoni.

"Ana uzito gani?" akauliza.

"Kama kitunguu."

"Dawa yangu inaanzia mbuzi." Akafikiria. "Lakini ukisema ana stresi, mwambie apange foleni. Sote tunayo."

Niliporudi nyanya alikuwa na jibu tayari.

"Nyakwara, mjukuu wangu, huyu haumwi. Huyu ana adabu. Umemleta mkwe jikoni mwa mama mkwe, umemweka rafuni kama sufuria, halafu unashangaa kwamba hali chakula? Babu yako hakuwahi kumeza hata maji mbele ya mama yangu. Akimwona njiani aliingia kwenye mahindi ya watu."

"Dani," nikamwambia nyanya, "huyu ni mjusi."

"Nani alimwita mume? Mimi au binti yangu?"

"Ilikuwa mzaha."

"Basi na yeye anafanya mzaha. Ngoja afe kwa mzaha."

Hilo lilinikata maini. Nilikuwa nimeanza kuota sauti ya shangazi kwenye simu. Mjusi alikuwa amekonda, nyonga zikachomoza kama vigingi vya hema. Nyanya akasimama, akafungua leso yake ya pili kiunoni, akaitandaza juu ya sanduku mpaka chini.

"Nisimwone, asinione," alisema. "Heshima imerudi."

Jioni niliinua pembe ya leso. Panzi wote walikuwa wamekwisha. Kwenye kona mjusi alilamba mdomo, kisha akaniona, akasimamisha taya.

Mtu mwingine angeshukuru akaenda kulala. Mimi sikuweza. Nilijua kwamba mnyama asiye na mahali pa kujificha hali chakula, kwa kuwa anayekula hawezi kukimbia, na mimi nilikuwa nimemjengea nyumba isiyo na hata kona moja ya siri. Lakini kujua si kuthibitisha. Jumapili nyanya alipokwenda kanisani nilitoa leso, nikakaa mwenyewe kwenye kigoda na kumtazama. Hakula. Nilimngoja nyanya mlangoni kama wakili.

"Dani, leo nimemtazama mimi, na hakula. Kwa hiyo si mambo ya mama mkwe."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa mwanao."

"Na mwanangu ni ndugu ya mke wa huyu mjusi. Wewe pia ni mkwe. Bomani humu sote ni wakwe zake."

Nikaona nahitaji mtu asiye wa ukoo. Nikamwomba muuza dawa, ambaye ametoka Meru, aje amtazame mjusi, nami nikamwahidi chai. Alikaa kwenye kigoda kwa umakini mkubwa, akainama, akakodoa macho. Mjusi akazidi kuwa tope, akapiga pushapu, akagoma kula.

"Sasa, dani," nikasema, "huyu ni mtu wa Meru."

"Mke wake ametoka wapi?"

Muuza dawa akakohoa. "Hapa Uriri, mama."

"Unaona? Wakwe wawili hawali wakitazamana. Mpe chai yake, na leso irudi mahali pake."

Leso ilirudi. Chini yake mimi niliongeza jiwe bapa na kipande cha gome, kwa ajili ya sayansi. Kila mmoja wetu aliamini ameshinda, na mjusi akanenepa. Rangi ya chungwa ilirudi kwanza shingoni, kisha kichwa kizima.

Shangazi alipopona nilimrudisha mjusi Homa Bay ndani ya kikapu. Kuku niliyebebeshwa na baba nilimwacha njiani kwa jamaa, kwa sababu nyanya alisema mkwe ndiye huleta kuku, si mama mkwe kutoa, na baba alisema kinyume chake, nikachoka kusikiliza. Hoteli ilikuwa imefunguliwa, ukuta ukiwa mweupe na laini. Shangazi alinitazama kwa macho mapya.

"Ndevu hizi ulikuwa nazo?"

"Tangu chuo, waya."

"Hapana, jamani." Akafungua kikapu. Uso ukamshuka. "Huyu ni nani?"

"Mume wako."

"Wangu ni wa rangi ya chai. Huyu ana kichwa kama kitenge cha harusi. Wangu amekufa, na wewe umeokota mwingine porini. Sema tu. Usinidanganye mimi mjane."

Machozi yalikuwa karibu. Nilimweleza kwamba mtoto wa jicho hufifisha rangi, kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimwona kupitia maji machafu. Mteja mmoja akathibitisha kwamba mjusi alikuwa wa rangi ya chungwa siku zote.

"Na hukuniambia?"

"Mama, tulidhani unamjua mume wako."

Alimwachilia ukutani. Mjusi akatafuta ufa wake, akakuta plasta, akakimbilia nyuma ya ubao wa bei. Hoteli nzima ikageuka kumngoja. Mkia tu ulionekana, na ulikuwa unaelekea rangi ya tope. Shangazi akanitazama kama hakimu.

Kisha chapati ikaanza kuungua, na macho yote yakaenda kwenye karai. Shangazi akageuka kuishughulikia, akagonga kijiko mara mbili kwenye ukingo wa karai, akarusha kipande nyuma ya bega bila kuangalia, mkono ukienda wenyewe kama alivyozoea kumlisha.

"Kula, baba," alisema akiwa amelielekea karai.

Nyuma yake mjusi alishuka ukuta mweupe, akafika kwenye kipande, akakimeza.

"Waya," nikasema taratibu. "Amekuja."

Mgongo wa shangazi ulitulia. Hakugeuka. Alipangusa macho yake mapya kwa pembe ya aproni.

"Basi ni yeye," akasema. "Na wewe acha kumkodolea macho shemeji ya baba yako. Kula chapati yako, uangalie barabarani."