Fundo la Uzi wa Buluu

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoolewa, na mchungaji akakataa kuamini. Simlaumu sana. Nilikuwa nafika kwapani mwa mume wangu, na uso wangu ulikuwa wa mviringo kama wa mtoto aliyetoka kuamka. Nilifundisha darasa la kwanza, mwalimu asiye na cheti, katika shule iliyo juu ya soko la Nyaramba, huko Nyamira. Mzazi akija mara ya kwanza alisimama mlangoni na kuniuliza, "Mwalimu wenu yuko wapi?" Walimu wenzangu waliniita mwalimu wa mfukoni. Nilikuwa mkali, nawajibu vibaya, nao wanazidi kucheka.

Ila mwaka ule sikuwa na ukali wowote. Mama alifariki mwezi wa nne. Alilazwa hospitali siku ya Jumatatu, akaniambia atarudi baada ya wiki moja nisisahau kumwagilia sukuma wiki, na Jumapili tukaletewa habari. Nilipika uji wa waombolezaji. Nilikaa mbele ya jeneza na wanawake wakinitazama, wanangoja nilie. Sikulia. Si kwamba nilijikaza, la. Sikusikia kitu. Unajua mguu ukiukalia ukafa ganzi, unaupiga na huusikii? Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima, miezi minane.

Mchumba wangu alifanya kazi reli, Nakuru. Alipewa likizo mwezi wa kumi na mbili, siku kumi na nne, na asiporudi Jumanne zinapokwisha, kazi ingepewa mwingine. Tukaambiwa harusi ni Jumapili kabla ya Jumanne hiyo. Isipofanyika, tungoje likizo nyingine, mwaka mzima. Watu waliniuliza kama nina furaha. Nilijua jambo moja tu: nilimtaka mtu yule, na sikuweza kukaa mwaka mwingine katika nyumba ile nikitazama kiti cha mama jikoni. Hilo nililijua kama mtu anavyojua hesabu. Moyoni halikuwemo.

Sasa mchungaji. Yule mzee aliyenibatiza alikuwa amehamishwa, akaletwa mwingine kutoka Taita, mtu mpole, mwembamba, asiyejua neno moja la Kikisii. Kila kitu tulimwambia kwa Kiswahili. Tulipokwenda kwake wiki moja kabla ya harusi, mimi na mchumba, alitukaribisha, akatuombea, kisha akamgeukia mchumba wangu.

"Vizuri. Na bibi harusi anakuja saa ngapi?"

Mchumba wangu akanionyesha kwa kidole. Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu? Ndugu yangu, mimi sifungi ndoa ya mtoto wa shule."

Tukamweleza. Akataka kadi ya ubatizo. Kadi yangu ilioza paa la nyumba lilipovuja. Cheti cha kuzaliwa? Nani alikuwa nacho huko kwetu? Nilizaliwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Baba alikuja kuapa kwamba nilizaliwa mwaka wa nzige, na mchungaji akasema kwa upole hajui nzige hao walikuja lini. Mwishoni akasema atanitazama siku yenyewe, na akiona mtoto amesimama mbele yake, atafunga kitabu chake arudi nyumbani.

Shangazi aliposikia maneno hayo, alikunja mikono ya blauzi. Huyo ni dada yake baba, ameolewa upande wa Ogembo, mwanamke wa sauti kubwa aliyekuja kushika nafasi ya mama katika mambo ya harusi. "Anataka mtu mzima?" akasema. "Wee! Atampata."

Lazima nieleze habari ya gauni. Kanisa letu lilikuwa na gauni moja la harusi, liliachwa na bibi mmoja Mzungu aliporudi kwao, na bibi huyo alikuwa mrefu kama nguzo ya simu. Kila msichana aliyeolewa kanisani alivaa hilo hilo, pamoja na shela na glavu zake. Lilikaa ndani ya sanduku la bati kwa mke wa mwinjilisti. Sharti lilikuwa moja: mkasi usiliguse. Bibi harusi akiwa mfupi, pindo linakunjwa na kupigwa bandi, mishono mirefu ya uzi ya kushikiza tu, ambayo inafumuliwa Jumatatu gauni lirudi lilivyokuwa. Kwa miaka yote niliyokumbuka, aliyepiga bandi hiyo alikuwa mama yangu. Alipiga magoti sakafuni na pini mdomoni, akimzunguka msichana polepole. Akishafumua, aliacha ndani ya gauni, pale pindo lilipofika, fundo dogo la uzi wa rangi. Kila bibi harusi na rangi yake. Ukiligeuza gauni ndani nje uliona mafundo hayo yamepandana, mekundu, ya kijani, ya manjano, yule wa kwa chifu hapa, wale pacha pale. Alisema ni ili wadogo zao wakija ajue pa kuanzia. Mimi nadhani alipenda kuyaona tu.

Siku ya Jumapili shangazi alianza nami jua halijachomoza vizuri. Akanisimamisha kwenye ngozi ya ng'ombe chumbani. Mke wa mwinjilisti, mama mmoja mnene mwenye haya, alikuwa amekuja na sanduku, akakaa kitandani kwa upande kama mgeni.

Shangazi alinivalisha gagulo mbili, moja juu ya nyingine, nipate nyonga. Akatwaa pamba ya hospitali, akaijaza mbele. "Simama wima! Unataka kifua kikae tumboni?" Kisha viatu. Alikuwa amevitafuta Kisii mjini, vyeupe, visigino virefu kama kidole cha kati, saizi mbili kunizidi, na magazeti yamefutikwa kwenye ncha. Nikapanda juu yake. Halafu wigi! Ndiyo, wigi, nyeusi, ya mtindo wa miaka ile, imevimba kama mzinga. Aliiazima kwa karani mmoja mjini. Kwa Wasabato wetu wigi ilikuwa karibu na dhambi, lakini shangazi alisema shela litaifunika na Mungu anajua shida yetu.

Mke wa mwinjilisti akakohoa. "Mama, labda bila viatu hivyo... Lile gauni, upande wa ndani kuna..."

"Kuna nini? Wewe lete pini."

Akaleta pini. Shangazi akanivalisha gauni, akalipiga bandi kwa urefu wa visigino. Nikavaa glavu. Vidole vyake vilibaki vitupu kwenye ncha, vinaning'inia. Nilijitazama katika kioo kidogo cha kunyolea cha baba, kipande kwa kipande, kwa sababu chote hakikutosha. Sikuona vibaya wala vizuri. Nilimwona mtu amevaa.

"Na usisahau kulia," shangazi akasema akinifunika shela. "Ukitoka mlangoni. Kwenye mazishi ulitutia aibu. Leo usipolia watasema ulikuwa unangoja kwa hamu kuwakimbia watu wako."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yetu, na kwa wengine ipo hadi leo. Bibi harusi hacheki. Anatembea kichwa chini, hatua moja anasimama, hatua moja anasimama, na anatoka kwao kwa machozi. Nilitoka mlangoni macho makavu kabisa. Shangazi akanifinya mkono kwa ndani. Nilisikia kwamba nimefinywa, basi.

Kanisani nilitembea kama nilivyofundishwa. Visigino vilizama katika udongo wa uani, nikavipandisha saruji na tope lake. Wigi ikaja mbele kidogo. Nilipofika mbele, kichwa kilikuwa kimeinama mpaka kidevu kikagusa pamba. Mchungaji akaniinulia shela mwenyewe. Sijui aliona nini. Nafikiri aliona mtoto aliyevalishwa nguo za mama yake na kuamriwa asiseme.

"Binti, una miaka mingapi?"

Bibi harusi wa kwetu hasemi kwa sauti. Nikanong'ona kama ilivyotakiwa.

"Sijakusikia. Kuna mtu anakulazimisha?"

Nikanong'ona tena. Mchungaji akafunga kitabu. Paap! Nilisikia watu mia mbili wakivuta pumzi pamoja, na mchumba wangu akasema "Mchungaji, tafadhali," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena. Nikafikiri: Jumanne. Mwaka mzima. Kiti kile. Bado sikusikia kitu.

Mchungaji akanipeleka katika chumba kidogo cha nyuma, akamwita mke wa mwinjilisti aje awe shahidi. Shangazi akataka kuingia, akaambiwa angoje. Mlango ukafungwa.

"Sema ukweli, mtoto wangu. Hapa huna wa kumwogopa."

Hapo ndipo ukali wangu ulirudi, ghafla, sijui ulikuwa umejificha wapi. Nikavua wigi nikaiweka juu ya meza yake, kando ya Biblia. Nikashuka kwenye viatu. Nikavua glavu, nikatia mkono kifuani, nikatoa pamba bonge moja, bonge la pili.

"Nina miaka ishirini na minne," nikasema, kwa ile sauti ninayowapigia watoto sitini wa darasa la kwanza. "Nimefundisha miaka mitano. Mwezi wa nne nimemzika mama yangu, na tangu hapo mimi ndiye ninayemtunza baba na kuendesha shamba la chai. Hakuna anayenilazimisha. Mume nimemtafuta mwenyewe. Kama unataka mrefu, ungesema mapema."

Mke wa mwinjilisti akafunika mdomo. Mchungaji alinitazama, akatazama wigi, na nikaona ndevu zake zinacheza.

"Sasa naona mwalimu," akasema. "Kama u mtu mzima, mbona walikuvalisha utu uzima? Rudi hivyo ulivyo. Nitangoja mbele." Akatoka.

Hivyo nilivyokuwa, gauni lilikuwa linafagia sakafu. Bila visigino lilizidi inchi kama nne. Nikasema hatuna wa kulipiga bandi upya, hakuna futi, hakuna muda. Mke wa mwinjilisti alikuwa tayari amepiga magoti. Akaligeuza pindo, akafumua bandi ya shangazi kwa meno.

"Futi haitakiwi," akasema. "Ndicho nilichotaka kusema kule nyumbani. Nilimwogopa shangazi yako, unisamehe."

Akanionyesha. Juu ya mafundo yote, juu ya yale mekundu na ya kijani, juu kuliko la msichana yeyote wa kanisa lile, kulikuwa na fundo la uzi wa buluu. Na jingine upande wa pili, na jingine mbele, na jingine nyuma. Mafundo manne kuzunguka gauni lote. Uzi ule niliujua. Ndio mama alioshonea sare yangu ya ualimu.

"Alikuja kwangu ile Jumapili kabla ya kulazwa," mke wa mwinjilisti akasema. "Akaomba sanduku. Alikuwa na lile gauni lako la nyumbani mkononi, akapimia kwalo. Nikamwambia, si utampima mwenyewe siku ikifika? Akasema siku hiyo hatakuwepo. Akasema, watamvalisha viatu virefu, usiwakubalie. Mwanangu anatosha."

Nikafikiria sukuma wiki. Aliniambia atarudi baada ya wiki moja, na siku moja kabla ya kuniambia alikuwa ameshapima.

Mke wa mwinjilisti akakunja pindo kwenye mafundo, akalishika kwa pini sita. Lilinigusa kwenye vifundo vya miguu, sawasawa, pande zote. Nilikuwa pekupeku. Akanifunika shela.

Nilipofungua mlango na kuingia kanisani, ikaanza magotini. Ikapanda. Sikuwahi kusikia kitu kinauma namna ile, kama ule mguu wenye ganzi damu inapourudia. Nililia kwa sauti. Nililia hatua moja nikasimama, hatua moja nikasimama, kamasi na machozi chini ya shela la Mzungu, na wanawake wakaanza vigelegele, ati sasa huyu amelelewa vizuri. Nilimlilia mama yangu kanisa zima likinishangilia.

Mchungaji wa watu akaona machozi, akaingiwa na hofu upya. Akainama. "Binti, una hakika hulazimishwi?"

Nikainua kichwa. "Silazimishwi," nikasema, na sauti ikafika hadi kwa watu waliosimama nje madirishani. "Funga ndoa."

Walicheka mpaka baba akacheka.

Jumatatu nilichomoa pini mwenyewe, nikalikunja gauni, nikalirudisha kwenye sanduku pamoja na mafundo yake manne, na Jumanne tukapanda basi la Nakuru. Shangazi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila harusi ya ukoo alikaa mbele na kuwasimulia wasichana jinsi alivyonifundisha kulia, kwa kufinya kidogo tu hapa ndani ya mkono, na jinsi nilivyolia kuliko bibi harusi yeyote wa Nyamira. Nilimwacha asimulie.