Mtoto wa Farasi Asiye na Madoa

Kwa miaka kumi na mmoja nimezalisha farasi wa madoadoa, wanaoitwa Apalusa, kwenye shamba la familia moja nje ya Sydney. Sikusoma. Kuzalisha mnyama nilijifunza kwa ng'ombe wa baba yangu, kule kwetu Masisi.

Mwaka juzi farasi jike mmoja alikufa akizaa. Mtoto alitoka mwekundu mtupu, bila doa hata moja. Bosi alimtazama, akatikisa kichwa.

"Huyu hana faida kwetu. Mchukue, awe wako."

Balthazar, tunayefanya naye kazi, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Falone, umepewa punda!"

Nilimlea kwa chupa ya maziwa. Sikuomba karatasi, maana neno la mtu mzima lilinitosha.

Mwaka huu kipupwe kilipoisha, manyoya ya baridi yalipukutika na madoa meupe yakamjaa mgongoni kama unga uliomwagika. Wiki hiyohiyo bosi alikuja na mnunuzi.

"Ulisema ni wangu," nikamwambia.

"Nilisema umlee."

Farasi aligoma kupanda gari la mnunuzi, akarusha mateke. Bosi akaniita nimpandishe, kwa kuwa hamfuati mtu mwingine ila mimi. Balthazar aliinamia koleo lake, hakuwa na mzaha.

Nilitaka kukataa, lakini mjeledi walikuwa wameshauleta. Nikatangulia kupanda. Akanifuata kama kila siku, akanusa mfuko wangu akitafuta karoti. Nikateremkia mlango mdogo wa mbele, wakafunga.